Aliyenyamaza Dirishani: Haki ya Mgonjwa Kusikilizwa



Ndugu waamini na viongozi walei,

Katika mojawapo ya ziara zetu za vigango tulisimuliwa habari ya mama mmoja wa Kidatoga, nasi hatujaweza kuisahau. Mama huyo alitembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, mpaka kituo kimoja cha afya ambacho hatutakitaja jina, kwa sababu yaliyompata pale yangaliweza kumpata popote. Mtoto alikuwa na homa kali. Kwenye dirisha la mapokezi karani, kijana aliyetoka mkoa wa mbali, alimwuliza kwa Kiswahili majina matatu ya mtoto: lake mwenyewe, la baba yake na la babu yake. Ilipofika zamu ya jina la babu, mama akanyamaza. Karani akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Mama akainamisha kichwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika, na mmoja wao akasema kwamba watu wa porini ndivyo walivyo. Karani akamwambia akae pembeni mpaka atakapokumbuka, kisha akamwita aliyefuata.

Mama akakaa kwenye benchi hadi jua la utosi. Ndipo bibi mmoja wa Kiiraqw, aliyekulia jirani na maboma ya Wadatoga, alipomwendea karani na kumweleza jambo ambalo pale dirishani hakuna aliyelijua. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Kutolitamka ndiyo heshima yake, na hata maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na jina hilo huyaepuka, akatumia mengine badala yake. Mama yule hakuwa amesahau, wala hakuwa mkaidi. Alikuwa ametakiwa, mbele ya wageni, atende utovu wa adabu ambao tangu siku ya kuolewa kwake hakuwahi kuutenda.

Mtoto alitibiwa, akapona. Lakini mama hakurudi tena. Alipopata mimba nyingine hakuhudhuria kliniki, na siku ya uchungu ilipofika alikataa kupelekwa, akisema kwamba hawezi kwenda kuaibishwa mara ya pili. Alijifungulia nyumbani, damu haikukatika, na kabla hajafikishwa kwenye barabara ya magari alikuwa amekwisha kufariki. Ameacha watoto wanne.

Hatusemi kwamba karani yule alimwua mama huyu. Karani alifuata fomu aliyopewa, na fomu ilikuwa na nafasi tatu za kujazwa. Tunachosema ni hiki: palikuwa na dawa, palikuwa na mganga, palikuwa na kitanda, na bado mama alifia njiani kwa sababu ya swali lililoulizwa kwa namna asiyoweza kulijibu. Tunaamini kwamba jambo hili ni suala la haki, na ndiyo maana Tume yetu inaliandikia.

Tulivyo katika nchi hii

Sisi tunaoishi katika uwanda wa Mbulu na pembezoni mwake tumejaliwa utajiri ambao mara nyingi hatuuoni. Hapa wanakutana Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao ni Wabantu. Na Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao lugha yao ya vidoko haifanani na nyingine yoyote tunayoijua. Ni vigumu kupata mahali pengine barani Afrika ambapo lugha za asili tofauti namna hii zinatumia njia moja, kisima kimoja na gulio moja. Hospitali zilizojengwa na Makanisa, kama ile ya Walutheri ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955 na ile ya Wakatoliki ya Dareda, zimewapokea watu hawa wote kwa miaka mingi. Katika wodi moja wanaweza kulala wagonjwa wanne wasioelewana hata neno moja, na muuguzi wa zamu akawa ametoka Kagera au Mbeya.

Tunamshukuru Mungu kwa hatua ambazo taifa letu limepiga. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba katika miaka ya 2015 na 2016 uzazi uliofanyika katika vituo vya afya ulikuwa 63 katika kila 100. Mwaka 2022 ulikuwa umefikia 81. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi ule wa kwanza, na 104 katika ule wa pili. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kazi kubwa ya wauguzi na matabibu, wengi wao wakifanya kazi usiku kucha kwa taa hafifu na vifaa vichache. Haki inatudai tuwashukuru kabla hatujasema neno lingine.

Lakini je, wale 19 waliobaki ni akina nani? Tunaozunguka vigangoni tunawajua wengi wao. Ni mama wa boma la mbali anayehama na mifugo. Ni msichana wa Kihadzabe ambaye hajawahi kulala juu ya kitanda. Ni bibi asiyejua Kiswahili, na mwanamke kiziwi ambaye hakuna anayejua lugha yake ya alama. Hawa hawatafikiwa kwa kujenga majengo peke yake, kwa kuwa wengine wao jengo wameshaliona, wakaingia ndani, na wakatoka wameazimia kutorudi.

Ukimya una sababu

Tumezoea kusema kwamba watu hawa hawana elimu, na kwamba siku watakapoelimika watakuja. Maneno haya yanatuondolea sisi wajibu na kuwatwisha wao. Ukweli ni kwamba mtu anayekaa mbali na hospitali mara nyingi ana sababu zake, na sababu hizo zina historia.

Waulizeni wazee wa Kidatoga wa Hanang. Katika miaka ya 1970 malisho yao bora yalitwaliwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu. Watu walioona makaburi ya baba zao yakilimwa hawaamini upesi jengo lolote lenye bendera, wala mtu yeyote mwenye daftari anayeuliza majina.

Kisha kuna gharama. Tangu mwaka 1993, wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, umekuwapo utaratibu wa kuwasamehe wasio na uwezo. Lakini msamaha huo kwa kawaida unahitaji barua ya viongozi wa kijiji. Je, anayehama na ng'ombe wake kufuata mvua ni wa kijiji gani? Na Mhadzabe anayeishi kwa asali, mizizi na mawindo, ambaye fedha taslimu si sehemu ya maisha yake ya kila siku, atamweleza nani kwamba yeye si maskini kwao bali ni maskini hapa dirishani? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tunaiunga mkono. Hata hivyo kadi ya bima itamfikisha mgonjwa mpaka mbele ya tabibu tu. Haitamfanya tabibu amwelewe.

Ugonjwa mmoja, majina mawili

Tuchukue mfano ambao kila mzazi katika nchi yetu anaufahamu: degedege. Mtoto anapopatwa na homa kali, akakakamaa na kugeuza macho, tabibu anasema hiyo ni malaria iliyopanda kichwani. Lakini katika sehemu nyingi wazazi wameilea imani kwamba degedege ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na pepo au na ndege anayeruka usiku, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza wazi matokeo ya jambo hili. Mabango yaliwahimiza wazazi kuwapeleka hospitali watoto wenye malaria, na wazazi walikubali kabisa kwamba malaria hutibiwa hospitali. Lakini mtoto alipopatwa na degedege walimpeleka kwanza kwa mganga wa jadi, kwa sababu bango halikusema lolote juu ya degedege. Ujumbe ulikuwa sahihi, ila ulisemwa kwa jina ambalo mzazi alilitumia kwa ugonjwa mwingine. Na hofu ya sindano haikuwa upuuzi mtupu. Watoto wengi walifikishwa wakiwa wamechelewa mno, wakachomwa sindano, wakafa. Jirani aliyeona sindano na kifo vikifuatana aliviunganisha, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya.

Tabibu mwenye hekima hamwambii mama huyo kwamba degedege haipo. Anamwambia: hiki mnachokiita degedege tunakijua, tunayo dawa yake, nayo inafaa zaidi mkija mapema. Naye anazungumza pia na mganga wa jadi, ili amhimize mzazi kukimbilia hospitali pasipo kupoteza usiku mmoja. Hivyo ndivyo tunavyoelewa huduma ya afya inayomtambua mtu pamoja na utamaduni wake. Tabibu haiachi sayansi. Anaipitisha katika mlango ambao mgonjwa anaweza kuingia.

Kitanda cha kujifungulia

Katika jamii zetu nyingi bibi zetu walijifungua wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, wakishikiliwa na wanawake wenzao, na baada ya kujifungua walipewa uji wa moto. Kondo la nyuma lilizikwa kwa heshima na watu wa nyumbani. Mwanamke aliyelelewa hivyo anapofika leba anaambiwa apande juu ya kitanda chembamba, alale chali, peke yake, huku mama yake mzazi akifungiwa nje. Akilia, anakemewa. Akikataa kulala chali, anaambiwa anataka kumwua mtoto. Nalo kondo la nyuma hajui limetupwa wapi.

Wengi wetu tulidhani kwamba haya yote ni masharti ya tiba. Siyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mwanamke aachwe achague mkao wa kujifungulia, ukiwamo wa kuchuchumaa, na awe na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe. Hata kabla ya hapo, mwaka 2005, Wizara ya Afya ya Peru ilitoa mwongozo wa kuwahudumia wanawake wanaopenda kujifungua wakiwa wima kwa kufuata desturi zao. Wanawake wa milima ya Andes walikuwa wakizikimbia zahanati. Watumishi wa afya wakakaa nao na kuwauliza sababu, kisha wakaweka leba kamba ya kushikilia, wakaruhusu ndugu kuingia, wakaondoa baridi chumbani. Mkunga mwenye mafunzo alibaki pale pale na dawa zake za kuzuia damu. Kilichobadilika ni mwili wa mama kuheshimiwa.

Tunaandika haya kwa uchungu, kwa kuwa mama yule wa Kidatoga alihitaji dawa hizo hizo za kuzuia damu. Zilikuwapo. Ila kati yake na dawa palikuwa na aibu.

Funzo la Beni

Mtu asifikiri kwamba mambo haya ni madogo. Katika Kivu ya Kaskazini, nchini Kongo, ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwapo, na wataalamu walifika kwa wingi. Lakini watu walikuwa wametoka katika miaka mingi ya vita na mauaji, na hawakuwaamini wageni waliokuja na magari na askari. Maelezo mengi yaliandikwa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili kisichokuwa kile cha watu wa kule, wakati wazee na wanawake wengi wa Beni na Butembo husikilizana kwa Kinande. Mgonjwa aliingizwa katika hema, ndugu hawakumwona tena, na siku ya tatu walikabidhiwa habari ya kifo. Watu wakaanza kusema kwamba katika mahema yale wagonjwa wanauawa. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Siasa na silaha zilikuwa na sehemu kubwa katika uovu huo, hatukatai. Lakini yapo mambo yaliyosaidia, nayo yanatufundisha. Vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili mama aweze kumwona mwanawe na kusema naye bila kuambukizwa. Ndugu waliruhusiwa kuwapo kwenye maziko, wakasali, wakaona kwamba aliyezikwa ni mtu wao. Vijana wa mitaa ile ile walifundishwa wakaeleza kwa lugha ya nyumbani. Pale ambapo watu walisikilizwa, tiba ilipata njia ya kupita.

Je, huku si kurudisha ukabila?

Tumesikia ndugu wakitupinga, na hoja zao ni nzito. Wanasema: Kiswahili ndicho kilichotuunganisha Watanzania, tukianza kutafuta wakalimani wa lugha za makabila hospitalini, si tutaurudisha ukabila ambao Mwalimu Nyerere aliupiga vita?

Tunajibu kwamba Kiswahili ni zawadi, na kipeperushi hiki tunakiandika kwa Kiswahili. Lakini lugha ya taifa iliwekwa ili kila raia asikike, si ili asiyeijua anyamazishwe. Mwenye maumivu hurudi kwenye lugha ya mama yake; hata sisi tuliosoma tukiwa na homa kali tunaugulia kwa lugha ya nyumbani. Ukabila ni kumnyima mtu haki kwa sababu ya kabila lake. Kumpatia mkalimani ili apate haki ile ile anayoipata mwenzake ni kinyume chake.

Wengine wanasema kwamba muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima, hana muda wa kujifunza mila za kila mtu. Hii ni kweli, na hatudai kwamba ajifunze zote. Tunadai ajue kuuliza kwa upole: kwenu jambo hili hufanywaje? Na muda unaopotea kwa kufoka dirishani, kwa kurudia maelezo yasiyoeleweka, na kwa kumtibu tena mgonjwa aliyemeza dawa vibaya, ni mwingi kuliko ule wa kueleza vizuri mara moja. Ni mara ngapi bahasha ya dawa imeandikwa moja mara tatu, na mgonjwa akameza vidonge vitatu kwa pamoja? Kwa mfugaji inatosha kusema: kimoja ng'ombe wanapotoka, kimoja jua likiwa la utosi, kimoja ng'ombe wanaporudi zizini.

Na wapo wanaotuuliza: je, mnataka tuheshimu na ukeketaji? La hasha. Si kila mila ni njema, na Injili inazipima mila zetu zote, pamoja na mila za hospitali. Ukeketaji unaumiza mwili na roho ya msichana, na Sheria ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18. Mkoa wetu wa Manyara umekuwa miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa uovu huu, na ni aibu yetu sote, waamini tukiwamo. Lakini tumeona kwamba anayewaheshimu wazee katika lile lililo jema ndiye wanayemsikiliza anapowakataza lililo baya. Anayedharau vyote kwa pamoja hufukuzwa na vyote kwa pamoja, na ukeketaji huendelea usiku.

Bwana alivyomponya kiziwi

Kanisa limefundisha tangu waraka wa Papa Yohane XXIII juu ya amani duniani, wa mwaka 1963, kwamba matibabu ni miongoni mwa haki za binadamu. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilitualika tulione Kanisa kuwa Familia ya Mungu, na ilitilia mkazo utamadunisho. Mara nyingi tumelielewa neno hilo kwa habari ya ngoma na nyimbo za Misa. Tunaomba liingie pia wodini.

Tazameni jinsi Bwana wetu alivyomponya yule kiziwi mwenye utasi ambaye Marko anatusimulia habari zake. Hakumponya kwa mbali, mbele ya macho ya watu wote. Alimtenga kwanza na umati, akamwondolea aibu. Kisha, kwa kuwa mtu yule hakuweza kusikia neno, alisema naye kwa vidole: akamgusa masikio, akamgusa ulimi. Alitumia lugha ambayo mgonjwa aliweza kuielewa, ndipo akatamka neno la kuponya. Na yule kipofu wa Yeriko, ambaye ugonjwa wake ulionekana wazi kwa kila mtu, aliulizwa kwanza anataka atendewe nini. Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wajifunze lugha ya mitume. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake.

Wajibu huu hauishii kwa Wakristo. Hospitali za Kanisa zinawahudumia pia ndugu zetu Waislamu. Mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga Ramadhani anastahili tabibu atakayezungumza naye mapema juu ya saa za dawa na hatari zilizopo, wala asimcheke. Familia iliyofiwa inastahili kupewa maiti yao upesi, ili wamzike kwa wakati kama dini yao inavyowaagiza. Tukifanya hivyo hatupunguzi Ukristo wa hospitali zetu. Tunauonyesha.

Yatupasa kutenda nini

Hatuna fedha nyingi, lakini tunayo mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Tunapendekeza haya kwa parokia na kwa wasimamizi wa vituo vya afya.

Kwanza, kila parokia iandike orodha ya waamini wanaojua vizuri lugha mbili au zaidi, ikiwamo Lugha ya Alama, walio tayari kuitwa kuwa wakalimani. Waapishwe kutunza siri. Mtoto asitumiwe kamwe kutafsiri ugonjwa wa mama yake, kwa kuwa yapo ambayo mama hatayasema mbele ya mwanawe.

Pili, mgonjwa mahututi aonwe kwanza, na majina yaandikwe baadaye. Mama asiyeweza kutamka jina la mkwe asaidiwe: msindikizaji alitaje, au lisomwe kwenye kadi. Adabu za namna hii zipo kwa watu wengine pia, Wanyakyusa wakiwa mfano, na mtumishi anayezijua hatashangaa.

Tatu, mtumishi mpya akaribishwe kwa kufundishwa. Wazee na wakunga wa jadi wakae naye siku chache za mwanzo, wamweleze uzazi, maombolezo, chakula na heshima za mahali hapa. Vyuo vya uuguzi vya Kanisa vilifanye jambo hili kuwa sehemu ya mafunzo.

Nne, kamati za usimamizi wa vituo vya afya ziwe na wanawake wa jamii za wafugaji na wawindaji, na mikutano ifanyike siku na mahali ambapo wanaweza kufika. Na pale penye nyumba ya wajawazito kungojea uzazi, waulizwe wao wenyewe iwe na nini ili wakae humo kwa furaha.

Tano, nasi waamini tuchunge ndimi zetu. Aliyemwaibisha mama yule zaidi hakuwa karani. Alikuwa mtu wa foleni aliyesema juu ya watu wa porini, na haielekei kwamba wote waliosimama pale walikuwa wapagani. Siku ya Wagonjwa, tarehe 11 Februari, ambayo Kanisa limeiadhimisha tangu mwaka 1993, iwe siku ya kuungama dhambi hii pamoja na kuwaombea wagonjwa.

Bibi aliyetusimulia habari hii alituambia pia kwamba karani alipopata taarifa ya msiba aliomba ruhusa, akaenda bomani pamoja naye. Hakuwa na maneno ya kusema kwa lugha yao. Aliketi chini kati ya wanaume tangu asubuhi hadi jioni, kisha akamwomba bibi amwulizie wazee ni majina gani asiyaulize tena, na aulize vipi. Wazee wakamfundisha. Angefundishwa siku yake ya kwanza kazini, watoto wale wanne wangekuwa na mama yao.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kigango chetu ni akina nani wasiokwenda zahanati? Je, tumewahi kuwauliza sababu, au tumezisema kwa niaba yao?

2. Nani kati yetu aliwahi kuaibishwa alipokuwa mgonjwa? Jambo gani dogo lingeweza kufanya mambo yawe tofauti?

3. Ni mila zipi za kwetu zinazomsaidia mgonjwa na mzazi, na ni zipi zinazomwumiza? Tutafanya nini juu ya kila moja?

4. Ni wanajumuiya gani wanaojua lugha zaidi ya moja na wako tayari kuitwa? Majina yao yapelekwe kwa katibu wa Halmashauri ya Walei kabla ya mwisho wa mwezi.